Fundi wa Lenzi na Sayari ya Kutu

Wahenga waliosema ukipenda, chongo huita kengeza, hawakusema kwamba apendaye haoni. Anaona vizuri tu. Analiona jicho lililofumba, anajua halitafumbuka, ila ukifika wakati wa kulitaja anatafuta jina jingine, lenye nafuu kidogo. Mwenye kesi katika methali hii ni ulimi. Macho hayana kosa. Hayo aliyajua fundi mmoja wa lenzi, na aliyajua kwa kuzunguka sana, kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba yake mwenyewe gizani.

Fundi huyo aliitwa Nyuzi. Alikuwa na miaka thelathini na minne, mwembamba, mpole wa sauti, na alipewa jina hilo kwa sababu hakumaliza siku bila kulitaja neno hilo mara ishirini. Kuna macho yanayotaka lenzi yenye nguvu zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Lenzi ya aina hiyo lazima ikae ndani ya fremu kwa mwelekeo maalumu, na mwelekeo huo hupimwa kwa nyuzi. Ikizunguka kidogo tu, mwenye miwani huona sakafu imeinama na ngazi zimelala. Nyuzi alikuwa hodari wa kazi hiyo. Kila alipomaliza lenzi, alikwaruza alama ndogo kwenye ukingo wake, mahali panapofunikwa na fremu, alama iliyopinda kama mkia wa mjusi. Hakuna aliyeiona ila yeye. Aliiweka ili kazi yake ikirudi siku moja aitambue, kama mzazi anavyomtambua mwanawe kwa kovu la goti.

Duka la miwani lilikuwa lake na dada yake. Chumba cha mbele kilikuwa cha dada, chenye vioo pande zote, ambamo mteja akijaribu fremu alijiona mara sita na mwishowe akachukua ile aliyoikataa mwanzo. Chumba cha nyuma kilikuwa cha Nyuzi. Humo mlikuwa na mashine ya kukatia lenzi, inayojimwagia maji inapokata, kipima lenzi, rafu ya lenzi ghafi zilizo mviringo kama visahani vya chai, na trei za plastiki, kila trei na miwani ya mtu mmoja. Kutoka hapo ngazi za mbao zilipanda hadi chumba anacholala. Na juu huko ndiko ilikokuwa kompyuta.

Ndani ya kompyuta mlikuwa na mchezo ulioitwa Sayari ya Kutu. Wachezaji wanne hukutana kwenye intaneti, kila mmoja akiwa kwake, wakashuka kwa chombo cha anga juu ya sayari iliyohamwa na wenyewe. Wenyewe waliacha roboti zikilinda mitambo isiyozalisha kitu. Kazi ya mchezaji ni kuzipiga risasi. Roboti ikianguka hupasuka na kumwaga bunduki, kofia za chuma na makorokoro. Nuru ya kijivu ikiwaka juu ya kitu, hiyo ni takataka. Ya kijani, afadhali. Ya zambarau, mtu anapiga kelele. Ya dhahabu Nyuzi alikuwa ameiona mara tatu katika miezi minane, na mara zote tatu ilikuwa ya viatu.

Alichokitaka ni bunduki moja tu, Radi Kimya. Bunduki hiyo huangushwa na roboti mmoja, jitu la mlangoni liitwalo Bawabu, tena huiangusha akipenda. Nyuzi alikuwa amemuua Bawabu mara elfu moja mia moja na kumi na mbili. Tunaijua hesabu hiyo kwa sababu aliiandika katika daftari. Upande wa nyuma wa daftari hilohilo aliandika makosa ya mchezo. Seva huzimika mtu akikaribia kushinda. Bawabu mara nyingine huzama ardhini hadi kiunoni, na risasi hazimpati. Malkia aliyefia sura ya pili anatoa hotuba ndefu sura ya tano, na hakuna anayeshangaa. Orodha ilikuwa na makosa sitini na moja, yameandikwa kwa mwandiko mzuri.

Alikuwa ameufuta mchezo huo mara nne. Mara ya nne alimuaga kabisa mwenzake wa mchezoni, mtu ambaye hakuwahi kumwona uso, aliyejiita Betri kwa sababu simu yake ilizimika kila mara katikati ya maneno. Alimwambia amechoka, amepoteza asubuhi zake, na kwamba mchezo wenyewe ni upuuzi. Betri alimwelewa, akamtakia maisha mema. Hiyo ilikuwa Jumamosi. Jumanne Nyuzi alipoingia tena, Betri alimpokea kwa sauti ya msiba: "Karibu tena, marehemu."

Ajabu ni kwamba mtu mwingine akiusema vibaya mchezo huo, Nyuzi alikuwa wakili wake. Shemeji yake, mume wa dada, alikuwa fundi wa majokofu, mtu mnene mwenye kicheko cha kifuani, aliyepita dukani kila mchana kula na mkewe. Siku moja alimgeukia Nyuzi, mkate mkononi.

"Hebu nieleweshe, shemeji. Huyo mlinzi wa mlangoni, jana ulimuua?"

"Nilimuua."

"Na leo?"

"Leo mara nne."

"Basi huyo hafi. Hapo anayekufa ni wewe."

Dada alicheka hadi akaweka kikombe chini. Nyuzi naye alicheka, lakini kwa pembeni.

"Mchezo mbovu huo," shemeji aliendelea. "Si umesema mwenyewe kuna malkia amefufuka bila kuwapa watu taarifa?"

"Si mbovu," Nyuzi alisema. "Una ugumu wa kuzoeleka."

"Na huko kuzama ardhini?"

"Hiyo ni… ni tabia yake."

"Tabia!" Shemeji alimtazama mkewe. "Jokofu likivuja maji, nimwambie mteja ni tabia yake?"

Nyuzi alipanda ngazi akiwa na maneno hayo kichwani. Yeye si mtu wa kuhukumu haraka, hata kujihukumu mwenyewe. Alichukua daftari, akachora mstari katikati ya ukurasa, upande huu akaandika *napenda*, upande ule *nachukia*. Upande wa kwanza aliandika kumsubiri Bawabu aanguke. Akafikiri. Akaandika kumsubiri Bawabu aanguke upande wa pili pia. Aliandika Betri pande zote mbili. Alipofika mwisho wa ukurasa, zaidi ya nusu ya mambo yalikuwa yamekaa huku na huku, kama ndugu wa pande mbili za harusi. Akalifunga daftari bila kujua alichokipima.

Wakati huo kulikuwa na jambo zito mezani kwao. Watu wengi walikuwa wakinunua miwani iliyokwisha tengenezwa, ya kuokota tu kwenye kikapu, na chumba cha nyuma kilianza kukosa kazi. Kisha daktari wa kliniki ya macho, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, akawaletea habari njema yenye masharti. Lenzi zote za kliniki angewapa wao kwa mwezi mmoja wa majaribio. Zikirudi kwa kosa jozi tatu, atavumilia. Ikirudi ya nne, kazi itahamia karakana kubwa ya mjini. Dada na Nyuzi walijua maana yake. Kazi ya kliniki ikienda, mashine itauzwa, na Nyuzi atakuwa fundi wa kitu ambacho hakipo.

Wiki mbili za kwanza zilirudi jozi mbili, kwa makosa madogo ya fremu. Wiki ya tatu haikurudi hata moja. Wiki ya nne, ya mwisho, wenye mchezo wakatangaza Wiki ya Neema: kwa siku saba, Bawabu ataiangusha Radi Kimya kwa wepesi maradufu.

"Maradufu ya nini?" Nyuzi alimuuliza Betri. "Hawajawahi kusema ni mara moja katika ngapi."

"Maradufu ya kitu kidogo sana," Betri alisema. "Yaani vitu vidogo sana viwili. Unakuja au hu—" Simu ikazimika.

Nyuzi alikuja. Alikuja kila asubuhi kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa mbili, duka linapofunguliwa, na kila mchana wakati wa chakula. Aliposhuka kuingia karakana, macho yalikuwa yakimwasha na sikio la kulia bado likisikia milio. Mikono yake ilifanya kazi kwa mazoea, kama punda anayeijua njia.

Jumatano asubuhi aliinua trei moja iliyokuwa tayari kwenda kliniki, akaitazama miwani kwa desturi yake. Lenzi hazikukaa kama anavyozikalisha yeye. Akaisogeza kwenye mwanga, akaifungua fremu, akautazama ukingo wote. Mkia wa mjusi haukuwepo. Akachukua trei ya pili. Haina. Ya tatu ilikuwa na alama yake. Akapitia trei zote na kukuta jozi mbili ambazo hakuzikata yeye, ndani ya karakana ambayo hakuna fundi mwingine.

Akaziweka kwenye kipima lenzi. Nyuzi zilikuwa sawa, au karibu sawa. Lakini kingo zilikuwa zimechanwachanwa kidogo, na vitovu vya lenzi havikukaa barabara mbele ya mboni. Aliyezikata ni mtu anayeijua kazi kwa kuitazama, si kwa kuifanya. Akahesabu lenzi ghafi kwenye rafu. Zilikuwa zimepungua.

Mchana ule alimweleza Betri huku wakimpiga Bawabu risasi za magoti.

"Kuna mtu anakata lenzi kazini kwangu."

"Labda ni mzimu."

"Mzimu haukosei kitovu."

"Basi dada yako ameajiri mtu. Anamfundisha kimyakimya. Siku moja utashuka ukute kiti chako kina mtu." Betri aliyasema kwa mzaha, lakini hata masikioni mwake hayakusikika kama mzaha.

Nyuzi aliyabeba maneno hayo hadi chini. Alimtazama dada yake kupitia mlango ulio wazi. Alikuwa akimnyooshea bibi mmoja mkono wa fremu, anaupasha moto, anaupinda, anaupuliza, akimwambia kwamba miwani ile inamfanya aonekane mwalimu mkuu. Alikuwa mchangamfu kuliko kawaida. Mtu mwenye siri huwa mchangamfu, Nyuzi aliwaza. Halafu akawaza kwamba mtu asiye na siri naye huwa mchangamfu. Alitaka kumuuliza, ulimi ukawa mzito. Dada huyu ndiye aliyemshika mkono kumpeleka darasa la kwanza. Atamwanzaje? Na swali la *nani* lilimjaa kichwani hata swali la *kwa nini* likakosa pa kukaa. Hakuwaza hata mara moja kujiuliza lenzi zake mwenyewe, zile zilizotolewa, zilikuwa na nini.

Alhamisi ilikuwa siku ya mwisho. Trei tisa zilitakiwa kliniki saa kumi. Jozi moja ilikuwa ya mwendesha winchi wa gati ya mizigo, mtu ambaye mwajiri wake alimpa mpaka jioni hiyo kuleta miwani mipya, la sivyo asipande tena kwenye kibanda cha winchi. Nyuzi alipanga kumnasa fundi wa siri wakati wa chakula. Alipanda juu kwa vishindo, akawasha kompyuta ili sauti isikike chini, akavaa hedifoni kwenye sikio moja, lingine akaliacha wazi. Atakaa dakika kumi, kisha atashuka kwa nyayo za paka.

Dakika kumi zikapita. Zikapita nyingine kumi. Bawabu alikuwa amezama hadi kiunoni, na Betri alikuwa akimtukana Bawabu, waliomtengeneza na walimu wao. Ghafla jitu likaibuka, likayumba, likaanguka kifudifudi, na kutoka mgongoni mwake kukasimama nguzo ya nuru ya dhahabu.

"Si viatu!" Betri alipiga yowe. "Nyuzi! Angalia! Si viatu!"

Ilikuwa Radi Kimya. Ilielea palepale, nyeupe na nyembamba, ikizunguka polepole. Nyuzi aliisogelea, akabonyeza. Maandishi mekundu yakatokea: *Mkoba umejaa. Tupa kitu kimoja.* Chini yake sekunde sitini zikaanza kurudi nyuma.

Akafungua mkoba. Mlikuwa na bunduki mia mbili, nyingi zikiwa za kijivu. Akaigusa ya kwanza, iliyopinda mtutu. Hii ndiyo aliyomuulia Bawabu mara ya kwanza. Akaiacha. Ya pili haikufaa kitu, lakini Betri ndiye aliyemwachia. Ya tatu hakuijua ilitoka wapi, na kwa sababu hiyo alihofia kwamba huenda ina maana.

"Tupa yoyote!" Betri alikuwa akilia sasa. "Tupa hata mimi!"

Zilibaki sekunde arobaini. Na hapo, kwa lile sikio lililo wazi, Nyuzi akasikia mashine ya chini ikiwaka.

Anayeikata lenzi kwa miaka kumi na moja huijua sauti yake kama mama anavyokijua kilio cha mtoto. Ile ilikuwa sauti ya lenzi inayokandamizwa mno. Mluzi ulipanda, ukapanda. Nyuzi alitazama nguzo ya dhahabu. Alitazama mlango. Zilibaki sekunde ishirini na tano. Alijua kwamba aliyekuwa chini hatatoroka, na kwamba kuitupa bunduki moja kungemchukua sekunde moja. Hayo yote aliyajua, na bado mkono haukuchagua. Kisha chini kukasikika *tak*, sauti kavu ya ukingo unaovunjika, na miguu ikaamua badala ya mkono. Aliivua hedifoni na kushuka ngazi mbilimbili, nyuma yake Betri akiita jina lake kutoka kwenye hedifoni iliyobaki mezani.

Kwenye mashine alikuwa dada yake. Alijifunga aproni ya Nyuzi, miwani yake ameipandisha kwenye paji la uso, mikono imelowa maji hadi viwiko. Mkononi alishika lenzi iliyomeguka pembeni.

Wakatazamana. Mashine ilikuwa bado ikijimwagia maji.

"Izime kwanza," Nyuzi alisema.

Dada akaizima. "Ni ya mwendesha winchi," alisema. "Ya kulia nimeimaliza. Ya kushoto imenivunjikia."

"Lakini ya mwendesha winchi nilikwisha kuikata jana."

Dada alivuta droo chini ya meza, akatoa kitambaa, akakifunua. Mlikuwa na lenzi kumi na nne, jozi saba, zote na mkia wa mjusi ukingoni. Nyuzi aliichukua ya juu, ya kushoto ya mwendesha winchi, akaiweka kwenye kipima lenzi, akasoma. Cheti cha daktari kilisema nyuzi ishirini. Lenzi ilisema mia moja na sitini. Akachukua nyingine. Ilikuwa hivyohivyo. Ilikuwa kosa ambalo fundi wa lenzi peke yake anaweza kulifanya, na fundi aliye macho hawezi: alizilaza lenzi kifudifudi alipozitia nukta za wino za kuonyesha mwelekeo, zikawa zimegeuka kama maandishi kwenye kioo. Alikuwa amezikata kwa ufundi mkubwa, vizuri kabisa, kwa upande usio wao.

"Toka lini?" aliuliza.

"Toka Jumatatu. Niliivaa mojawapo baada ya kuifuta, nikaona kaunta imeinama."

"Ukaamua kuzikata upya wewe."

"Nimekutazama miaka kumi na moja, mdogo wangu. Nilidhani ni kitu chepesi."

"Mbona hukuniita?"

"Nikuite nikuambie nini?" Dada alijifuta mikono. "Nilimwambia daktari mashine ina mushkeli, ndiyo maana tunachelewa. Shemeji yako akaniuliza, nikasema umechoka macho. Nikasema mwezi huu kazi ni nyingi. Nikasema umeme unapandapanda."

"Umeme hauna neno. Mashine nayo haina ubovu. Mimi sikuchoka, dada. Nilikuwa nacheza."

"Najua ulikuwa unacheza. Dari lenyewe ni mbao." Alitabasamu kidogo, tabasamu lisilo na ushindi. "Wewe si mvivu, wala si mzembe. Una… unazama kidogo, basi. Halafu unaibuka."

Nyuzi aliyasikia maneno hayo, akashikwa na bumbuwazi. Siku mbili alikuwa amemchunguza dada yake kama mwizi. Siku nne dada alikuwa akijikata vidole kumfichia aibu, na kumtafutia majina ya huruma yaleyale ambayo yeye huutafutia mchezo wake. Hakujua amkasirikie kwa kunyamaza, amwombe radhi, au akae chini. Alikaa chini. Halafu akatazama saa ya ukutani, ilikuwa saa nane na robo, na kazi ikamsaidia, kwa maana kazi haingoji mtu aelewe moyo wake.

Zilibaki trei tisa za kukagua. Alizipitia moja baada ya nyingine. Jozi zake mwenyewe zilizokuwa sahihi zilikuwa sita. Mbili za dada zilipotoka kidogo, kwa kiasi kinachovumilika. Iliyobaki ni ya mwendesha winchi, na kwenye rafu lenzi ghafi ya nguvu ile ilikuwa imesalia moja tu.

"Nyingine?" aliuliza.

"Hiyo ndiyo ya mwisho. Nyingine nimezivunja."

Nyuzi akanawa uso kwa maji ya mashine. Akaishika lenzi ukingoni, akaigeuza mara mbili, akaitazama uso na mgongo, akaiweka kwenye kipima lenzi. Akaizungusha mpaka ishirini. Akaitia nukta tatu za wino. Kisha akamwita dada: "Njoo usome. Usiniamini mimi." Dada akashusha miwani yake, akasoma: "Ishirini." Ndipo akaibandika kwenye kishikio, akawasha mashine, na hakuikandamiza. Maji yalitiririka. Dakika nne hakuna aliyejua kama lenzi itapona, mpaka mluzi uliposhuka wenyewe na mashine ikanyamaza. Lenzi ilitoka nzima. Ikaingia kwenye fremu kwa mlio mdogo, kama mlango mzuri unaofungwa. Alama ya mkia hakuiweka. Alisahau.

Alizipeleka trei kliniki mwenyewe. Daktari alizipima zote tisa mbele yake, taratibu, akiandika. Alipomaliza alifungua droo yake, akatoa miwani ya kumi.

"Hizi tisa ni safi. Hii ilirudi leo asubuhi. Mliileta Jumanne. Mwenyewe ameumwa kichwa siku mbili. Kitovu kimepishana na mboni milimita nne." Alimtazama. "Wewe huna makosa ya vitovu. Nani aliikata?"

Nyuzi aliipokea. Hakuhitaji kutafuta alama kwenye ukingo. Kingo zilizochanika zilijieleza. Alikumbuka mikono iliyolowa hadi viwiko.

"Mimi," alisema. "Mkono uliteleza."

Daktari aliandika, na kwa mara ya kwanza tangu aanze ufundi, mbele ya macho yake, jina lake liliwekwa kando ya neno *kosa*.

"Hiyo ni ya tatu," daktari alisema. "Tatu ndio mpaka nilioweka. Mmeufikia, hamjauvuka. Kazi ni yenu. Lakini mwezi ujao msinisogeze tena mpaka hapa."

Aliporudi alipanda juu kwanza. Kompyuta ilikuwa bado inawaka. Mahali pa nguzo ya dhahabu palikuwa na ardhi tupu yenye kutu, na pembeni ujumbe wa Betri: *Imeyeyuka. Mimi siruhusiwi kukuokotea. Nimeilia kwa niaba yako. Upo salama?* Nyuzi aliandika kwamba yupo. Akafungua daftari, akaandika: *Imeanguka. Sikuiokota.* Alijaribu kuona kama anaumia au amepona, akashindwa kupata kipimo. Ujumbe mwingine ukaingia: *Kesho asubuhi?* Akaandika: *Sijui.* Akakaa. Akaongeza: *Asubuhi sitaweza. Baada ya kazi, labda.* Hakuufuta mchezo. Aliuzima tu, akashuka.

Dada alikuwa akifunga kabati za fremu. Habari ya kazi kubaki aliipata kwa simu, lakini furaha yake ilikuwa na doa.

"Daktari ameniambia kuna moja ilirudi," alisema. "Ya Jumanne. Nambie ukweli. Ni ya mkono wako au wangu?"

Nyuzi aliishika ile miwani mfukoni.

"Ulikaribia sana, dada," alisema.

"Kukaribia nini?"

"Kukaribia penyewe."

"Milimita ngapi?"

Nyuzi, ambaye hakuwahi kuulizwa kipimo akakosa kukitaja, aliitazama mikono ya dada yake, vidole viwili vikiwa vimefungwa plasta.

"Chache," alisema. "Unajua mashine nayo ina tabia zake."

Dada alimtazama, kisha akaanza kucheka, na Nyuzi naye akacheka, wakiwa wamesimama katikati ya vioo vilivyowarudisha mara sita, kila mmoja akijua kabisa milimita zilikuwa nne. Basi ndivyo ilivyo tangu kale na ndivyo itakavyokuwa: mwenye kupenda hupima sawasawa, akafika kwenye jibu akalipunguza, kwa maana ukipenda, chongo huita kengeza.